Chenji ya 650: kishikwambi kimoja kinatosha kufundishia hela

Ndugu Mhariri,

Tangu vishikwambi vya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vigawiwe kwa walimu, mjadala wa kufundisha watoto mambo ya hela kwa teknolojia umekuwa ukiishia pale pale: kifaa kimoja, watoto 80, tutafanyaje? Tunaomba nafasi tuseme kwamba kifaa kimoja kinatosha. Kosa ni kukigeuza kitabu, watoto wakasukumana kuchungulia kioo kisichozidi daftari. Kigeuze kitu ambacho hata mtaani ni kimoja na kinahudumia maelfu: mtandao wa simu. Hakuna mteja mwenye mtandao wake nyumbani. Mteja anapeleka muamala, mtandao unakagua salio, unakata makato, unajibu. Darasani kishikwambi cha mwalimu kifanye kazi hiyo, na kazi nyingine zote zifanyike kwa manila na vizibo vya soda.

Tuanze na hela zenyewe. Watoto 80 ni makundi 10 ya watoto wanane. Kila kundi lipate kadi 18: kumi za shilingi 1,000, tano za 2,000, mbili za 5,000 na moja ya 10,000. Kila aina inatimiza shilingi 10,000, kwa hiyo mwisho wa kipindi kundi linapanga mafungu manne yenye thamani sawa na lililopungua linajulikana papo hapo, kabla watoto hawajatoka mlangoni. Manila ya sentimita 59 kwa 84 ikikatwa kadi za sentimita 6 kwa 12 inatoa kadi 63. Manila tatu ni kadi 189, zinabaki tisa za kufidia zitakazopotea. Ukikata kwa kukadiria kwa macho hazifiki. Na tafadhali, asitokee mwalimu wa kupeleka noti halisi kwenye mashine ya fotokopi. Kunakili noti ni kosa kisheria. Kadi ziwe za rangi moja, ziandikwe upande mmoja tu, na neno DARASANI lipite katikati kwa herufi kubwa.

Sarafu ni vizibo: 40 kwa kila kundi, kumi kumi za 50, 100, 200 na 500. Jumla ni vizibo 400, na havipatikani kwa siku moja, hivyo mwombe mwenye duka la soda avitunze wiki mbili tatu kabla. Vioshwe kwa sabuni, kisha kingo zigongwe kwa nyundo juu ya ubao, la sivyo vitawakata vidole. Maandishi ya kalamu ya maka hufutika kwa jasho la mikono. Rangi ya kucha inadumu.

Sasa chenji. Muulize mtoto wa darasa la tatu: vitu ni shilingi 1,350, umetoa 2,000, unarudishiwa ngapi? Majibu ya makosa hayatoki hewani, kila moja lina asili yake. Anayejibu 1,350 amepanga namba wima na kila safu akatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: sifuri na tano akaandika tano, sifuri na tatu akaandika tatu. Amemrudishia mteja hela sawasawa na bei ya vitu, na haoni ajabu. Anayejibu 1,650 amekopa vizuri ila akasahau kwamba ile mbili ya maelfu imebaki moja. Anayejibu 750 amekopa mara mbili lakini amelipa mara moja. Mwalimu anayeweka alama ya kosa tu kwa wote watatu hajui nani anahitaji nini.

Muuza duka, kwa upande wake, hafanyi hesabu ya kutoa kabisa. Anahesabu kwenda mbele. Anaweka 50 kwenye kiganja cha mteja, anasema "elfu moja mia nne". Anaweka 100, "elfu moja mia tano". Anaweka 500, "elfu mbili". Chenji ni 650 na imejihesabu yenyewe. Watoto wengi wameshaliona hili dukani, hawajaambiwa tu kwamba nayo ni Hisabati. Lifundishwe kwanza hili, na ile njia ya kukopa ifuate baadaye kama uhakiki.

Hapa kishikwambi kinaingia kwa mara ya kwanza, tena kwa sauti tu. Mwalimu arekodi bei 20 kwa sauti yake mwenyewe, kila bei ikifuatiwa na kimya cha sekunde 45: "Mia nane hamsini, mteja ametoa elfu moja." Rekodi inacheza, makundi yanahesabu, na mwalimu yuko huru kupita kati ya madawati kuona mikono. Bila rekodi anabaki mbele akitangaza bei, haoni kitu. Sekunde 30 ni chache kwa wiki ya kwanza, kundi moja likichelewa linakata tamaa na kuanza kunakili la jirani. Spika ya kishikwambi haifiki dawati la mwisho, kwa hiyo tumia redio yenye tundu la waya au spika ndogo ya kuchaji. Na bei ziwe za gengeni na dukani kwenu, watoto waziulize siku moja kabla. Zoezi lenye kalamu ya shilingi 20 humfundisha mtoto kwamba hela za darasani si hela.

Vivyo hivyo kwa programu za kupakua. Nyingi zinafundisha dola na senti, na nukta ya desimali juu yake, kwa mtoto ambaye hajawahi kushika senti. Kuzitafsiri kwa Kiswahili hakusaidii kama sarafu kwenye kioo bado ni ya Marekani.

Chenji ikishakaa, wiki ya tatu au ya nne, mtandao unafunguliwa. Toa laini kwenye kishikwambi na zima data. Kwanza ni kwa usalama, pili hakuna mwalimu anayependa ujumbe wa kukumbushia mkopo utokee mbele ya darasa zima. Fungua jedwali la Excel au lolote la aina hiyo lisilohitaji intaneti. Kila kundi lipewe mstari wake wenye jina, namba ya simu ya kubuni, salio la kuanzia na namba ya siri ya tarakimu nne iliyofichwa kwenye karatasi iliyokunjwa. Pembeni weka jedwali la makato. Yawe ya darasani, yasinakiliwe ya kampuni yoyote, maana ya kampuni hubadilika na ni marefu mno kwa ubao. Sisi tunapendekeza hivi: kutuma kati ya 10,000 na 19,999 makato 400, kati ya 20,000 na 29,999 makato 600, kutoa kwa wakala ni 900 na 1,300 kwa ngazi hizo hizo.

Fomula ya kutafuta makato ni moja: =VLOOKUP(B2,$H$2:$J$3,2,TRUE), ambapo B2 ni kiasi cha muamala, safu ya H ina viwango vya kuanzia, 10000 na 20000, I ina makato ya kutuma na J ya kutoa. Ya kutoa, hiyo 2 iwe 3. Mambo matatu huiharibu. Ukiandika FALSE mwishoni itakataa kila kiasi kisicholingana sawasawa na kiwango, na 20400 italeta kosa. Viwango visipopangwa kutoka kidogo kwenda kikubwa italeta makato ya uongo bila kulalamika, jambo ambalo ni baya zaidi. Na ukiingiza "20,400 sh" badala ya 20400, jedwali linaona maneno, halioni hela. Hifadhi nakala safi kabla ya kila kipindi.

Mwalimu asiwe mpokeaji wa kila swali, foleni itameza kipindi. Kila kundi liwe na karani anayejaza kipande cha karatasi: namba ya anayepokea, kiasi, makato, jumla inayotoka. Mpeleka muamala anakileta mbele. Mwalimu anaingiza namba, anasoma jina linalotokea, na mpeleka muamala lazima alirudie jina hilo kwa sauti kabla ya kufunua namba ya siri. Jina si lenyewe, muamala unavunjwa. Muamala mmoja huchukua kama dakika moja na nusu, kwa hiyo makundi 10 ni dakika 15 ndani ya kipindi cha dakika 40. Wanaosubiri wanaendelea na duka lao. Kundi litakaloacha namba ya siri ionekane na kundi jingine linapoteza raundi, na huo ndio mchezo watakaoupenda kuliko yote.

Swali la kuwapa ni la "tuma na ya kutolea", maana kila nyumba inalijua. Bibi anatakiwa ashike mkononi 19,500. Kutoa 19,500 makato ni 900, kwa hiyo atumiwe 20,400. Mpaka hapo makundi mengi yatafika. Kisha makato ya kutuma: kundi lililoangalia 19,500 litaandika 400 na jumla 20,800. Lakini kinachotumwa ni 20,400, kimevuka ngazi, na makato yake ni 600. Jumla ni 21,000. Kundi lenye salio la 20,900 litaambiwa "salio halitoshi" na litaapa kwamba mtandao umekosea. Usilifafanulie haraka. Lipe jedwali la makato, liache libishane dakika tatu.

Tunakuja kwenye utapeli, na hapa hatuwezi kupita haraka. "Ile hela tuma kwenye namba hii" ni ujumbe ambao hata mtoto wa darasa la pili ameusoma, kwa sababu yeye ndiye anayemsomea bibi meseji. Mtoto ndiye mlinzi wa simu ya nyumba, tupende tusipende. Andaa meseji 12 kwenye vipande vya karatasi, sita za kweli na sita za uongo, zikiwemo za mganga, za utajiri wa Freemason na ile ya mjomba aliyekwama njiani. Makundi yazichambue kwa maswali matatu: imetoka kwa jina la huduma au kwa namba ya mtu? Inaomba namba ya siri au inaharakisha? Na kubwa kuliko yote, salio limebadilika?

Swali hili la tatu linahitaji kishikwambi. Walimu wawili warekodi simu ya sekunde 40: mtu mpole, ana haraka, anasema ametuma 30,000 kimakosa kwenye namba yako, ni ya hospitali, mrudishie. Kabla ya kuicheza, karani wa kundi moja apewe karatasi ya meseji inayosema "Umepokea 30,000". Watoto watagawanyika, na wenye huruma watataka kurudisha. Sasa mwalimu afungue mstari wa kundi hilo kwenye jedwali: salio ni lile lile. Meseji iliandikwa na mtu, hela haikuingia. Wakishaona hivyo waambiwe utaratibu: angalia salio kwa menyu ya mtandao wenyewe, usirudishe mwenyewe hata kama hela imeingia kweli, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake. Namba ya tapeli itumwe 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa kazi hiyo. Kosa tunaloliona kwenye masomo ya namna hii ni kuwatisha watoto mpaka wakaamini kila meseji ni ya uongo, wakamzuia mama asitoe hela yake halali. Ndiyo maana nusu ya zile 12 lazima ziwe za kweli.

Halafu kuna dubwi, zile mashine za kamari za sarafu. Sheria inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 18, lakini sarafu ya 200 haina kitambulisho, na mashine zipo njiani kuelekea shuleni. Kuhubiri hakufui dafu. Weka vizibo 10 kwenye mfuko, kimoja chekundu. Kuchomoa mara moja ni 200, chekundu kinalipa 1,000, kizibo kinarudishwa mfukoni kila mara. Kila kundi lichomoe mara 10, yaani litoe 2,000. Tahadhari: kwa kawaida makundi matatu au manne hayatapata kitu, mengine manne hivi yatapata mara moja, na mawili au matatu yatarudisha hela yao au kuondoka na faida. Ukiishia hapo umeharibu, kwa sababu darasa zima litaenda nyumbani likimsimulia aliyeshinda, kama linavyofanya mtaani. Kusanya hesabu za makundi yote kwenye safu moja: zilizoingia 20,000, zilizotoka karibu 10,000. Kisha kishikwambi kifanye kile ambacho mkono hauwezi. Andika =RANDBETWEEN(1,10) na uiburute mistari 500; kila 10 ni ushindi. Zinaingia 100,000, zinatoka kama 50,000. Kumbuka namba hizo hubadilika kila ukigusa jedwali, na watoto watasema unachakachua, kwa hiyo zinakili uzibandike kama thamani kwanza. Mashine za kweli hatujui zimepangwaje ndani. Mchezo huu ni wa mfuko wa darasa, na inatosha.

Bei kwa vipimo iende kwa kipindi kimoja tu. Tuseme kilo ya sukari ni 3,000 na robo ni 800: robo nne ni 3,200. Mtoto ataruka kusema wanaonunua robo hawajui hesabu. Asiachwe aseme hivyo. Anayenunua robo ana 800 leo, na 3,000 hana. Swali la maana ni siku ngapi za kuweka 200 zingemfikisha kwenye kilo, na ni kitu gani kingeila hiyo akiba kabla haijafika.

Akiba yenyewe, tunashauri isiwe ya hela halisi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na mwalimu mwenye kisanduku cha hela za watoto atajikuta anajieleza. Zaidi ya hapo, mtoto asiye na cha kuweka anaonekana kila wiki. Tunajua kwamba Uganda utafiti uliofanyika kwenye shule za msingi 136 ulikuta watoto waliweka akiba zaidi walipojua watarudishiwa taslimu kuliko walipofungiwa kwenye vocha za vifaa vya shule, na matokeo ya masomo yakapanda pale wazazi nao waliposhirikishwa. Huo ulikuwa mradi wenye taasisi ya fedha na wasimamizi nyuma yake. Shule yenye mwalimu mmoja wa Hisabati ianze na akiba ya vizibo: kila kundi lenye faida dukani lichague kula sasa au kuweka, na jedwali litunze hesabu mpaka wiki ya nane, vizibo vibadilishwe kwa kalamu na daftari zilizoandaliwa, zinazotosha kila kundi.

Kuhusu umeme kwa shule zisizo na gridi: kishikwambi kimoja chenye betri ya 5,000 mAh kinabeba takriban wati-saa 19, paneli ndogo ya wati 20 inakijaza kwa nusu siku ya jua. Shule iliyobahatika kuwa na vitano, pamoja na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya Kolibri, ambayo inagawa masomo bila intaneti, ipige hesabu ya wati-saa 170 kwa siku pamoja na upotevu. Hapo chukua paneli ya wati 80 na betri ya sola ya volti 12 ya Ah 40. Betri ya gari haifai, imetengenezwa kuwasha injini, ukiimaliza kila siku inakufa mapema. Chaji moja kwa moja kutoka volti 12 kwenda USB, inveta inakula umeme bure. Raspberry Pi 4 inataka chaja ya ampea 3. Ukiipa ya simu na waya mwembamba itajizima katikati ya somo, na kuichomoa bila kuizima huharibu kadi ya kumbukumbu. Aina hiyo haina saa ndani yake, bila intaneti tarehe inapotea, kwa hiyo kumbukumbu za nani alifanya zoezi lini zitachanganyika. Anayetaka masomo ya namba ya Kiswahili ya kuweka kwenye vishikwambi vyenyewe atayapata: shindano la Global Learning XPRIZE lililofanyika vijijini Tanga hadi 2019 liliacha wazi, bila malipo, programu zote tano zilizofika fainali. Somo jingine la Tanga ni kwamba kila kijiji kilikuwa na mahali pa kuchajia na mtu wa kuangalia. Kifaa kisicho na mtu wa kukichaji kinageuka trei.

Mwisho, kipimo. Kabla ya wiki ya kwanza watoto wajibu maswali 10 kimyakimya, la kwanza likiwa lile la 1,350 na 2,000. Usihesabu alama tu, hesabu ni wangapi walijibu 1,350, wangapi 1,650, wangapi 750. Wiki ya nane rudia maswali yale yale kwa bei nyingine. Zaidi ya robo ya darasa wakiwa bado wanatoa ndogo kwenye kubwa, funga mtandao, rudisha vizibo mezani wiki mbili zaidi.

Wako,
Walimu wa Hisabati, madarasa ya III na IV,
Tanga